Nafsi yako ndani ya kikundi: mwongozo kamili kwa wawezeshaji wa vikundi vya tiba

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha wanawake wanane waliofiwa. Tulikutana kila Alhamisi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha zahanati. Kufikia wiki ya tano hakuna aliyekuwa akilia, nami nilifurahi. Kwenye ripoti niliandika kwamba wanakikundi wanaendelea vizuri. Mwezeshaji mwenzangu, tulipokuwa tukipanga viti baada ya kikao, ndiye aliyeniuliza kwa upole: "Dada, umeona kwamba mtu sauti ikianza kukatika tu, wewe unammiminia maji?"

Ilikuwa kweli. Jagi lilikaa miguuni pangu, vikombe juu ya kiti cha pembeni. Mtu akifika pale penye uchungu, mkono wangu ulikuwa umeshalifikia jagi na mdomo unasema, "Pole mama, kunywa kidogo." Mtu anayekunywa hawezi kulia. Wiki hiyo ya tano mama mmoja alipofikia habari za mwanawe alinyamaza, akajimiminia maji mwenyewe, akanywa, akaendelea kusimulia kwa macho makavu. Nilikuwa nimemfundisha.

Nyuma ya jagi lile palikuwa na msiba wa baba yangu. Mimi ni kifungua mimba. Siku ile nilishika daftari la rambirambi, nikahesabu masufuria, nikapokea wageni kutoka kijijini, na mama mdogo aliniambia mara moja tu: "Ukilia wewe, wadogo zako watamshika nani?" Sikulia. Miaka 11 baadaye kikundi changu nacho hakikulia.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya jagi hilo. Kikundi hujifunza upesi sana jambo ambalo mwezeshaji wake hawezi kulivumilia, na hujifunza bila kuambiwa. Unaweza kuwa na cheti, ratiba nzuri na mada zilizopangwa, lakini kama hujui hofu yako iko wapi, hofu hiyo ndiyo itakayokuwa kanuni ya kikundi, na hakuna atakayeiona imeandikwa ukutani pamoja na makubaliano mengine.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana anayeongoza vikundi hivi mara nyingi ni mtu wa pale pale. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kusini mwa Uganda, watu wa kawaida wasio wataalamu wa afya ya akili walipewa mafunzo ya wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila kikao dakika 90. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wagonjwa wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Moshi na Bungoma nako, washauri wasio na taaluma hiyo wameongoza vikao 12 vya watoto waliofiwa na wazazi. Sasa fikiria: Rakai ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walikoonekana mwaka 1982. Mtu aliyekulia huko akikaa kwenye duara la waliofiwa, anakaa na misiba yake mwenyewe mapajani.

Hatua ya kwanza: andika ramani ya nafsi yako kabla ya kupokea kikundi

Tenga jioni mbili. Moja haitoshi, kwa sababu jioni ya kwanza utaandika mambo unayoyajua tayari. Chukua daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma, ujibu maswali haya kwa matukio, si kwa maelezo ya jumla. Usiandike "nyumbani tulikuwa wakali". Andika siku, mahali, na aliyesema neno fulani.

Nyumbani kwenu nani aliruhusiwa kukasirika, na wengine walifanya nini alipokasirika? Mtoto akilia alifanywaje? Kimya mezani kilimaanisha nini: amani, au kuna mtu atapigwa? Ulipokuwa mgonjwa nani alikuuguza, na ulilipa nini kwa kuuguzwa? Ni msiba gani bado hujausimulia wote kwa mtu yeyote? Ni watu wa aina gani (dini, kabila, kazi, tabia) ulioambiwa utotoni ujihadhari nao? Na nani alikushukuru ulipokuwa mtu wa kusaidia wengine?

Swali la mwisho hilo ukae nalo sana. Wengi wetu tumefika kwenye kazi hii kwa sababu tulikuwa wasaidizi tangu tukiwa na miaka saba. Tulizoea kupendwa kwa kuwatuliza watu. Ndiyo maana kikundi kinapochafuka tunahisi tumekosa, tunakimbilia kukituliza, kumbe kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kazi.

Usiogope kwamba ramani itaonyesha majeraha mengi. Jeraha halikufukuzi. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, nchini Uganda mwaka 1987, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe kwa UKIMWI, na waliokuja kwao walikuta watu wanaoijua njia. Linalodhuru ni jeraha ambalo mwenyewe hulijui lilipo, kwa sababu utawaongoza wengine walizunguke bila kujua wanazunguka nini.

Ukimaliza, chagua mambo matatu yanayokugusa zaidi, uyaandike kwenye kipande cha karatasi. Yangu ni haya: kulia kwa sauti, mwanamume mzee anayenyamaza, na mtu kuniambia "wewe ni kama mwanangu." Mwambie mwezeshaji mwenzako yako matatu kabla ya kikao cha kwanza, naye akwambie yake. Kama mwenzangu angejua langu la kwanza, lile jagi lingeondolewa wiki ya pili.

Hatua ya pili: tazama cheo unachoingia nacho

Una miaka 27. Kwenye kikundi kuna bibi wa miaka 64. Umeanza kwa shikamoo, kama inavyokupasa. Dakika kumi baadaye bibi anamkatiza dada mmoja kwa mara ya tatu, anamwambia aache kumlilia mume mlevi. Utafanya nini?

Ndani yako kuna mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakatizwi. Ukimsikiliza mtoto huyo utanyamaza, na wale wadogo wote watakuwa wameona kwamba hapa hakuna wa kuwalinda. Ukimnyamazisha mtoto huyo kwa nguvu utasema kwa ukali kuliko ulivyokusudia, kisha utatumia saa nzima kumbembeleza bibi. Nimefanya yote mawili.

Kinachosaidia ni kuifanya heshima yenyewe iwe njia. Katika kikao cha kwanza, baada ya salamu, omba ruhusa: "Wazazi wangu, kazi niliyopewa hapa itanilazimu wakati mwingine kuwakatiza. Naomba mniwie radhi mapema na mnipe ruhusa." Watakupa, na mtu mzima aliyetoa ruhusa mbele za watu huilinda. Siku ikifika unasema: "Bibi, samahani nakukatiza. Maneno yako nayataka na nitayarudia. Naomba kwanza tumwache dada amalize." Yafanyie mazoezi maneno haya kwa sauti, mwenzako akiigiza bibi. Kinywa kisichowahi kuyasema hakitayapata wakati moyo unaenda mbio.

Sikiliza pia wanavyokuita. Wakikuita "mwalimu" watakujibu wewe badala ya kuzungumza wao kwa wao. Utaona macho yote yanarudi kwako kila sentensi inapoisha. Wakikuita "daktari" watangoja dawa. Jiulize kwa ukweli kama jina hilo linakupendeza. Mimi "mwalimu" ilinipendeza mno, kwa hiyo nilichelewa kuona kwamba hawazungumzi wao kwa wao. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeandika sana juu ya vikundi, ameeleza kwamba kikundi hufanana na familia: mwezeshaji huwekwa mahali pa mzazi, na wanakikundi wengine mahali pa ndugu. Ongeza hapo kwamba na wewe unawaona ndugu zako pale. Yule anayekuudhi bila sababu huenda anazungumza kama shangazi yako.

Kuhusu dini nitasema wazi ninavyoamini. Imani ni nguzo ya watu wengi tunaokaa nao na hakuna haki ya kuigusa. Lakini neno "ni mapenzi ya Mungu" likitoka kinywani mwa mwezeshaji, angalia nani limemtuliza. Mara nyingi limemtuliza aliyelisema. Mwenye msiba akilisema mwenyewe, hilo ni lake, lipokee na umuulize linamsaidiaje usiku.

Hatua ya tatu: nusu saa kabla ya kikao

Fika mapema. Kula kitu. Zima simu kabisa. Ujumbe mmoja wa kudaiwa mkopo ukiusoma saa nane kasoro dakika tano utakaa nao kwenye duara mpaka saa tisa na nusu. Panga viti kwa mkono wako, na unapokiweka kila kiti mtaje moyoni atakayekikalia, uone mwili wako unafanya nini kwa jina hilo. Mabega yakipanda, umeshapata habari.

Kisha jibu maswali matatu kwenye daftari, mstari mmoja kila moja. Nimekuja na nini kutoka nyumbani? Leo namngoja nani kwa hamu, na nani natamani asije? Ni jambo gani naomba lisiletwe leo? La tatu ndilo lenye faida kuliko yote, maana jambo hilo likiletwa utalikata, isipokuwa uwe umeliandika.

Hatua ya nne: ndani ya kikao, swali moja

Kila unapotaka kusema, kutoa ushauri, kumpa mtu maji, kubadilisha mada au kuchekesha, jiulize: hiki ninachotaka kufanya kinamtuliza nani? Huhitaji dakika. Pumzi moja inatosha. Kama jibu ni "kinanituliza mimi", ngoja kidogo. Mara nyingi mmoja wao atasema kitu bora.

Mahali pagumu zaidi ni kimya. Kimya cha sekunde 20 kwa mwezeshaji ni kama robo saa, na wengi wetu hukijaza kwa swali jipya au kwa muhtasari ambao hakuna aliyeuomba. Weka nyayo zote mbili sakafuni, hesabu pumzi kumi, tazama watu bila kumkazia mmoja macho. Kimya cha mtu anayetafuta neno huonekana: macho yako chini na midomo inacheza. Hicho usikiguse. Kimya cha woga ni tofauti, watu wanatazama mlango, au wanakutazama wewe, au wanamtazama mtu mmoja kwa siri. Hapo sema ukionacho tu: "Tumenyamaza tangu mama alipotaja shemeji yake. Sijui kila mmoja yuko wapi sasa." Kisha unyamaze tena. Hilo la kunyamaza tena ndilo tunalolisahau.

Hasira ikielekezwa kwako, usijieleze. "Umenikasirikia, nakusikia, endelea." Maelezo ya kwa nini kikao kilichelewa yatangoja. Vitisho na matusi kwa mwanakikundi mwingine vizuie hapo hapo, na hilo lisikutie shaka.

Halafu kuna yule unayempenda. Kila kikundi kina mmoja: anakuelewa, anatabasamu unapoongea, anafanya zoezi ulilotoa. Sijui madhara mengine katika vikundi yanayoingia kimya kimya kama haya. Wengine wanajua wiki ya pili. Mwombe mwenzako achore duara la viti kwenye karatasi na kila unapozungumza apige mstari kutoka kwako kwenda kwa uliyemtazama. Mwisho wa kikao utapewa karatasi hiyo. Yangu ya kwanza ilikuwa na mistari 19 kwa mtu mmoja na mama wawili ambao sikuwa nimewatazama hata mara moja. Hakuna somo lililonifundisha kuliko karatasi ile.

Hatua ya tano: itumie hisia yako kama habari

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchunguza nafsi kwa mazungumzo, mwaka 1910 alizungumzia hisia zinazomjia mtabibu kwa sababu ya mgonjwa, akataka mtabibu azitambue na azishinde. Miaka 40 baadaye, mwaka 1950, Paula Heimann, mtabibu wa tiba hiyo huko London, aliandika kwamba hisia hizo zenyewe ni chombo cha kumwelewa mgonjwa. Kwa uzoefu wangu wote wawili wana haki, ila utaratibu ni muhimu: kwanza hakikisha hisia si yako, ndipo uitumie.

Mfano. Nilikuwa napatwa na usingizi kila mama fulani alipozungumza. Nilianza na mimi mwenyewe: je, nimelala vizuri, nimekula ugali mwingi mchana? Wiki mbili nilichunguza. Usingizi ulikuja kwake tu. Nikamuuliza mwenzangu, akasema na yeye hupotea. Ndipo nikasikiliza upya, nikagundua katika simulizi yake ya msiba alitaja kila aliyekuja, aliyechanga, aliyechelewa, gari lililokodiwa, lakini yeye mwenyewe hayumo. Tulikuwa tunasinzia kwa sababu hapakuwa na mtu ndani ya hadithi. Sikumwambia ananichosha. Nilimwambia: "Mama, umetueleza wote waliokuwepo siku ile. Wewe ulikuwa wapi?"

Akafikiri. "Jikoni," akasema. Halafu: "Hawakuniita walipofunika jeneza." Nusu saa iliyofuata hakuna aliyesinzia.

Hatua ya sita: kusema habari zako

Watakuuliza: "Na wewe umewahi kufiwa?" Kukwepa kunawaacha peke yao, na kusimulia yote kunawapa kazi ya kukubembeleza. Jibu kwa ukweli, kwa sentensi moja, urudi kwao: "Ndiyo, nilifiwa na baba. Unaponiuliza, nahisi unataka kujua kama nitaelewa." Kabla ya kusema zaidi ya hapo, jiulize baada ya maneno hayo nani atakuwa anamhudumia nani. Na jambo ambalo bado likikutoa machozi hujui yataishia wapi, halijawa tayari kuletwa kikundini. Mpelekee msimamizi wako, yaani mtu mwenye uzoefu anayekusikiliza kuhusu kazi hii.

Hatua ya saba: dakika kumi na tano baada ya kikao, kisha msimamizi

Msitawanyike mara moja. Kaeni wawili, kila mmoja aseme: wakati gani nilitaka kukimbia, nani nilimsahau, nini nilisema ambacho sikukipanga. Usiandike majina ya wanakikundi, alama inatosha. Na habari za kikundi zisiende kwenye WhatsApp, hata bila majina, hata kwa kuomba ushauri. Mji ni mdogo.

Kwa msimamizi usipeleke kikao kilichokwenda vizuri. Peleka ile sentensi unayoiona aibu, kama ulivyoisema, neno kwa neno. Kama eneo lenu halina msimamizi, tafuta wawezeshaji wawili wengine, mkutane kila baada ya wiki mbili kwa saa moja na nusu, kila mmoja apate nusu saa yake. Anayesikiliza asitoe ushauri dakika 15 za kwanza, aulize tu. Sisi tulikuwa tukikutana chini ya mwembe nyuma ya kanisa.

Kuna nyakati za kukaa pembeni. Ukiwa na msiba wako na arobaini haijafika, usiongoze kikundi cha waliofiwa. Ukijikuta unaota ndoto za wanakikundi usiku baada ya usiku, au unafurahi kikao kikiahirishwa, au umeanza kuwafokea wanao jioni za siku ya kikao, mwambie msimamizi upumzike. Na mwanakikundi akisema hataki kuishi, huo si wakati wa kuchunguza nafsi yako wala wa kuona haya kuuliza. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, umsindikize kwa mtaalamu au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukishindwa, ita mtu. Kujiona kwamba utaweza peke yako ni sehemu ya ile ramani ya hatua ya kwanza.

Hatua ya nane: rudi, ukiri, urekebishe

Ukigundua kwamba nafsi yako imekipotosha kikundi, kirudie katika kikao kinachofuata, mwanzoni, kwa maneno machache. Sema ulichokifanya. Usieleze sana sababu, usiombe wakuambie si neno. Uliza kimekuwaje kwao, kisha badilisha kitu kinachoonekana, kwa sababu ahadi ya mdomo peke yake hawataiamini, na wana haki.

Wiki ya sita nililiweka jagi juu ya meza karibu na mlango, mbali na kila mtu. Nikasema: "Wiki zilizopita, mtu akitaka kulia nilikuwa nampa maji. Nadhani nilikuwa nawazuia. Yale maji yalikuwa ya kwangu. Sitafanya hivyo tena, na kama mliwahi kujizuia kwa sababu yangu, ningependa kusikia." Walitazamana. Mmoja akasema walidhani ni utaratibu wa zahanati.

Wakacheka kidogo, kisha kimya. Nilihesabu pumzi, nikapita kumi. Yule mama wa wiki ya tano akaanza tena habari za mwanawe pale pale alipokuwa ameishia, na safari hii alipofikia jina lake sauti ilikatika, akajifunika kanga usoni, akalia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Aliyekaa kushoto kwake alisogeza kiti. Nilishika daftari kwa mikono miwili.

Alipomaliza alifuta uso, akatazama huku na huku, akauliza jagi limewekwa wapi.